Mgongo wa Mkwe

Igoki wa Karurumo hakuwa na ugomvi na mkwe wake. Tena alimpenda, ila alimpenda jinsi mtu anavyopenda mvua: inyeshe shambani, isimnyeshee yeye kichwani. Mwirigi alikuwa mtu wa Meru, muuza spea za pikipiki, mpole, asiyepiga kelele hata akikanyagwa kidole. Tangu amwoe Joyline, yeye na Igoki walikuwa wameonana uso kwa uso mara chache sana, na kila mara wote wawili walitazama chini kama watu walioangusha sindano.

Ndivyo thoni inavyotaka. Hiyo ni heshima ya wakwe. Mama mkwe hali mbele ya mkwewe, na wakikutana njiani mmoja hugeuka akaingia kichakani kana kwamba ameshikwa na haja. Na zaidi ya yote, mama mkwe halali chini ya paa la mkwewe. Hilo halina mjadala.

Kumbe Joyline alikuwa na mjadala.

"Mama, njoo Meru wikendi," alisema kwenye simu. "Nyumba mpya imeisha. Chumba chako kina bafu humo humo ndani."

"Bafu ndani ya chumba cha kulala? Kwani mtu anaoga akiota?"

"Mama! Na usinianzie mambo ya thoni. Huu ni mwaka gani? Mwirigi mwenyewe hana shida na hayo."

Igoki angeweza kukataa, lakini mtoto akikujengea chumba ukakikataa, umemtemea mate ukutani na rangi bado mbichi. Akajikuna kichwa chini ya kitambaa, akapata njia.

"Joyline, mimi nataka hoteli."

"Hoteli gani?"

"Akina mama wa kanisa walienda Nanyuki wikendi. Wamerudi wanatembea kama batamzinga. Eti walilala loji na wakaletewa chai na mtu aliyefunga tai. Mimi chai ninajipikia tangu nijue moto. Nife sijaletewa chai na mtu wa tai?"

Joyline alicheka mpaka simu ikakohoa. Akakubali, akatafuta loji nzuri mtaa wa Makutano, pembeni mwa mji wa Meru. Thoni ikaokoka, na hakuna aliyejua kwamba ilikuwa imeingia hatarini.

Jumamosi, Igoki alifika amevaa gauni la Pasaka na viatu vilivyombana kwa adabu. Joyline alimpeleka hadi namba saba, ghorofa ya pili, akamwonyesha swichi zote.

"Pumzika, Mama. Mimi nina mazoezi ya kwaya, kuna harusi wiki ijayo. Jioni nakuja tuende kula. Mwirigi naye yuko Laare, kule kwenye soko la miraa, ameenda kuwauzia watu wa boda spea. Atarudi kesho. Hata ungelala nyumbani tu, hayupo."

Paa ni lake hata akiwa hayupo, Igoki aliwaza. Lakini mdomo wake ulisema, "Wacha nipumzike."

Hakupumzika. Alikaa kitandani, kitanda kikammeza kama tope la mtoni, akainuka. Akakaa kitini, kiti kikazunguka, akainuka tena. Akafungua bomba la maji moto, likakoroma, akalifunga upesi kabla halijafanya jambo. Ukutani kulikuwa na picha ya simba, na kila alipokaa yule simba alimtazama yeye tu. Akaigeuza picha, simba akatazama ukuta. Akajiuliza kuku wake wamefungiwa na nani. Akajiuliza kama wale akina mama wa kanisa walipumzika kweli, au walidanganya kama yeye atakavyodanganya.

Mwishoni akashuka kuitafuta ile chai.

Kwenye mapokezi alikuwako msichana mchangamfu aitwaye Gatwiri. Tai hakuwa nayo.

"Shosho, nikuletee chai hapo kwa meza?"

"Ataileta nani?"

"Mimi."

"Hakuna kijana wa kufunga tai?"

"Shosho wewe!" Gatwiri akafunika mdomo kwa mkono.

Igoki alikuwa anatafuta jibu la kumwongezea kicheko pale mlango wa barabarani uliposukumwa. Aliyeingia alikuwa amevaa kofia iliyoshushwa mpaka kwenye nyusi na ameshika begi dogo. Kofia inaweza kuficha nyusi, lakini haifichi mabega. Yale mabega ya kushuka kama paa la banda, Igoki aliyafahamu tangu siku ya posa. Alikuwa ni Mwirigi.

Mjini hakuna kichaka. Igoki aligeuka kulia akakuta ukuta, akageuka kushoto akakuta mlango wa jikoni, akajitupa humo.

"Shosho, umepotea?" mpishi akauliza, kisu mkononi.

"Naangalia kama sufuria zenu ni safi. Endelea."

Kupitia upenyo wa mlango alimsikia Gatwiri akisema, "Namba nane, ghorofa ya pili," na viatu vya mwanamume vikapanda ngazi.

Namba nane. Ubavuni mwake! Ukuta wenyewe ulikuwa wa mbao nyembamba iliyopakwa rangi ili ijione ukuta. Igoki alipanda nyuma yake baada ya muda wa heshima, akaingia chumbani kwake kwa ncha za vidole, akaweka sikio pale ambapo simba alikuwa ameutazama ukuta. Si umbea. Sikio lilikuwa linapita tu.

"Eeh, mpenzi," sauti ya Mwirigi ilisema kwenye simu. "Nimefika Laare salama. Huku ni baridi. Kuna kamvua. Mama amefika? Vizuri sana. Msalimie."

Igoki alichungulia dirishani. Jua la Makutano lilikuwa linakaanga mabati.

Akakaa kitandani, na safari hii kitanda kilipommeza hakuinuka.

Mwanamume anayemwambia mkewe yuko Laare na kumbe yuko namba nane hakuja kuangalia mapazia. Kuna mtu anakuja, au kuna mtu anafuatwa. Na Joyline wake, mtoto aliyekuwa akilala na mkono juu ya shavu la mama, alikuwa kwenye kwaya akimwimbia bibi harusi wa watu wimbo wa ndoa njema! Igoki akimwambia, nyumba mpya itavunjwa na mdomo wa mama mkwe. Akinyamaza, atakuwa amemshikia mwizi ngazi. Kumkabili Mwirigi mwenyewe? Thoni imefunga hapo kufuli. Mambo kama hayo hutumwa kaka, na kaka yake, Ngari, alikuwa Runyenjes. Ukimtuma Ngari Jumatatu, anafika Alhamisi, na njiani amesahau alichotumwa.

Akainuka, akazunguka chumba. Akakaa, akainuka. Hata simba angemhurumia.

Jua lilipopungua ukali, mlango wa namba nane ulilia. Igoki akahesabu pumzi kidogo, akajifunga kitambaa, akatoka nyuma yake.

Tangu Mungu aumbe Mlima Kenya haijasikika mama mkwe akimfuata mkwewe kwa miguu. Lakini Igoki aliipima thoni akaona inakataza uso. Mgongo haikuutaja popote. Basi akaufuata mgongo. Mgongo uliteremka kuelekea mjini, naye akateremka. Mgongo ukasimama kununua njugu, naye akasimama kuuliza bei ya matikiti ambayo hakuyataka. Muuza matikiti alikuwa ameshakata kipande cha kuonja alipogundua kwamba mteja ameondoka nacho.

Mgongo ukaingia duka la nguo la Suhail. Igoki akajibanza nyuma ya mdoli aliyevalishwa suti.

"Nataka shali," Mwirigi alisema. "Ya mwanamke. Nzito, na iwe nzuri."

"Wa umri gani, ndugu yangu?"

"Mkubwa mkubwa."

Mkubwa mkubwa! Igoki alishika mkono wa mdoli ili asianguke. Kwa hiyo hata si msichana. Suhail alikunjua shali ya zambarau iliyoiva kama biringanya, ina manyoya pembeni, na Mwirigi akaipapasa kama mtu anayepapasa ndama. Mwanamke atakayevaa rangi ile, Igoki alijiambia, hana aibu ya mbinguni wala ya duniani.

Kutoka hapo mgongo ulikata vichochoro mpaka Majengo, karibu na msikiti, ukaingia kwenye hoteli ndogo yenye harufu ya iliki iliyoandikwa juu ya mlango: KWA KIBIBI. Meza zilikuwa chache, na mwisho wa chumba pazia la maua liligawa upande wa wanaotaka kula kwa siri. Mgongo ukapita nyuma ya pazia. Na mwanamke aliyeupokea, mnene, mikono ina hina mpaka vifundoni, akauambia kwa sauti ya kubembeleza, "Kaa, mwanangu, kaa. Leo nakuona umekonda."

Ndiye huyu, Igoki akaamua. Na hili "mwanangu" ni la kufunika kombe. Akaingia, akavuta kiti karibu kabisa na pazia, akakaa akiligeuzia kisogo.

"Karibu, mama," Kibibi alisema. "Pilau, wali maharage, mahamri?"

"Niletee alicholetewa huyo aliyeingia."

Pilau ikaja na kachumbari na ndizi. Ilinukia vizuri kiasi cha kumkasirisha. Akaisukuma pembeni.

"Ni mteja wako sana, huyo?"

"Tangu hajaoa. Siku akiwa na shida ya nyumbani, hapa ndipo anapokimbilia."

"Shida ya nyumbani hukimbiliwa kwa mwanamke mwingine?"

Kibibi akacheka. "Mama, kwani una nini wewe?"

"Una mume?"

"Nilikuwa naye. Mungu amemchukua, amrehemu."

"Basi ukaona wa mwenzio ni saizi yako! Shali ya zambarau utaivaa wapi, msikitini?"

Kibibi aliweka sinia chini polepole. "Mama, samahani. Wewe ni nani?"

"Mimi ni mama yake Joyline!"

Nyuma ya pazia kijiko kilianguka.

Kibibi akalitazama pazia, akamtazama Igoki, akaanza kutikisika tumbo. "Mwirigi!"

"Asitoke!" Igoki akapiga kelele.

"Sitoki!" sauti ikajibu saa hiyo hiyo.

Hayo ndiyo maneno ya kwanza waliyowahi kuelewana moja kwa moja.

Pazia lilikuwa kitambaa tu, hata pumzi ilipita. Lakini thoni haijali unachosikia, inajali nani ameambiwa. Basi Kibibi akavuta kigoda akakaa pale kwenye ukingo wa pazia, goti moja huku na goti moja kule, awe mdomo wa wote.

"Muulize huyo mbwa koko," Igoki alianza, "kama hii ndiyo Laare."

"Mwirigi, mama anakusalimu sana. Anauliza habari za Laare."

"Mwambie Mama..." Kijiko kiliokotwa sakafuni. "Mwambie sijaenda Laare. Joyline aliniambia tangu Jumatatu kwamba Mama atalala kwetu. Ningelalaje nyumba moja na Mama? Marehemu baba yangu, Kailemia, angefufuka anichape. Na nikimwambia Joyline, ananicheka, ananiita mzee wa kale. Nikaona nisingizie kazi, nitoke, Mama alale kwa amani. Mbona hajalala huko?"

Igoki alifungua mdomo. Ukabaki wazi. Akauziba kwa kijiko cha pilau ili usikae bure.

"Amesikia?" Mwirigi aliuliza kwa wasiwasi.

"Amesikia," Kibibi alisema. "Anatafuna."

"Mwambie," Igoki alisema alipomeza, na sauti yake ilikuwa imeshuka ngazi, "mwambie mimi nilimwambia Joyline nataka loji kwa sababu ya chai. Chai si kitu. Nilikimbia paa lake. Kwani hakuambiwa?"

"Sikuambiwa! Huenda aliona haina haja, mimi niko Laare. Mama yuko loji gani?"

"Mwambie namba saba."

Nyuma ya pazia ikasikika sauti ya mtu anayepiga paji la uso lake kwa kiganja.

"Kumbe nilikuwa nimelala ubavu kwa ubavu na..."

"Asimalize hiyo sentensi!" Igoki akasema, na Kibibi akalala juu ya magoti yake kwa kicheko, ushungi ukamwangukia usoni.

Simu ikalia nyuma ya pazia.

"Ni Joyline," Mwirigi alinong'ona. "Mama Kibibi, nifanye nini?"

"Mwambie ashike," Igoki akaamuru. Maana moyo wake, uliokuwa umekazwa tangu mchana kama kamba ya mbuzi, ulikuwa umelegea ghafla, na moyo wa mwanamke huyu ukilegea hutafuta mchezo.

"Haloo, mpenzi. Eeh. Laare, ndiyo. Bado niko sokoni..."

Igoki alishika mfuniko wa sufuria akaugonga na kijiko. "Miraa! Miraa ya mwisho!" alipaza sauti nene ya kiume. "Wewe wa pikipiki, sogea, unanikanyagia mabunda!"

"Soko limejaa kweli," Mwirigi alisema. "Hapana, hakuna mtu anapigana..."

"Nani amechukua bunda langu!" Igoki aliendelea, na Kibibi, asitake kubaki nyuma, akalia kama mbuzi.

Hapo ndipo adhana ya magharibi ilipoanza. Msikiti ulikuwa ng'ambo ya kichochoro, na kipaza sauti chake kilikuwa na kawaida ya kupiga mluzi mrefu kabla ya kutulia. Meru nzima iliujua mluzi ule. Mwirigi aliaga haraka, akakata simu.

Simu ya Igoki ikalia papo hapo.

"Mama, uko wapi? Niko hapa loji, Gatwiri anasema umetoka."

"Napunga upepo tu, mwanangu. Kidogo tu."

Adhana iliendelea, laini sasa, ikapita kwenye simu ya Igoki na kumfikia binti yake, aliyekuwa akiisikia pia kwa mbali kutoka Makutano.

"Mama," alisema. "Huo msikiti wa Majengo umehamia Laare lini?"

Joyline alifika kwa boda, kanzu ya kwaya bado mwilini, maana Majengo mumewe hakuwa na kwingine pa kwenda ila Kwa Kibibi. Akasimama mlangoni, akamwona mama yake na mfuniko mkononi. Akatembea hadi pazia, akachungulia, akamwona mumewe ameinamia sahani kama mtoto aliyevunja dirisha. Kibibi alimweleza yote, maana ndiye peke yake aliyekuwa na ruhusa ya kusema na kila mtu.

Igoki alingoja acheke. Joyline hakucheka.

"Nyumba ina vyumba vitatu," alisema. "Nimefua mashuka. Nimepika mukimo wa kesho, wa watu watatu. Na mimi ndiye ningelala humo peke yangu, huku nyinyi mmepanga loji moja, mlango kwa mlango, kila mtu ananikimbia mimi."

"Hatukukukimbia wewe," Igoki alisema.

"Mlikimbia kicheko changu."

Igoki aliuweka mfuniko mezani. Joyline alipangusa macho kwa mkono wa kanzu. Kisha, bila kuambiwa, akamwinua Kibibi kwenye kigoda, akakaa yeye, goti moja huku, goti moja kule.

"Haya. Semeni."

"Mwambie mumeo," Igoki alisema kwa upole, "nyumba ni nzuri. Sijaiona, lakini ni nzuri. Siku akienda Laare ya kweli, nitakuja mchana nioge kwenye hilo bafu, nirudi."

"Mama anasema atakuja kuoga."

"Mwambie Mama karibu. Na umpe hii."

Mkono ulipita chini ya pazia na mfuko wa duka la Suhail. Igoki aliukunjua. Zambarau ilijaa chumba kizima. Akaitazama kwa muda, akaizungusha mabegani, akayapapasa manyoya.

"Mwambie," alisema, "ni rangi ya mwanamke mwenye heshima zake."

Kibibi akakimbilia jikoni kuficha uso.

Joyline akagawa malazi kama mwalimu wa zamu. Mwirigi aende kwake akale mukimo mwenyewe. Begi lake ataletewa kesho, na Joyline atalala kwenye kitanda cha namba nane, ubavuni kwa mama.

"Mlango usiufunge," Igoki alimwambia. "Na ukikoroma nitagonga ukuta."

Alikuwa ameshasimama. Pilau ilikuwa imeisha, viatu vinambana, na tayari alikuwa anaiwazia asubuhi: kama huyo mtu wa tai yupo kweli, na kama hayupo, watu wa mji huu hunywa chai wapi. Hakuweza kutulia, hata sasa.

"Mwambie Mama," sauti ilisema nyuma ya pazia, kwa woga kidogo, "asubuhi kuna mahali Gakoromone wana supu nzuri na chai nzito. Ni ndani ndani, mtu mgeni hapaoni. Angependa kuelekezwa?"

"Asinielekeze," Igoki alimwambia binti yake, akifunga shali yake. "Atangulie tu asigeuke. Huo mgongo wake, kwa leo, nimeshaujua."